Kadi ya Siku Ishirini na Nane

Wichita, Kansas
3 Aprili 2022

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, goti limepungua uvimbe, na upepo wa huko umekuachia angalau mlango mmoja wa banda ukiwa mahali pake. Sisi huku hatujambo. Glenn anakusalimu. Nilifika nyumbani Jumatatu, mikono ikinuka moshi wa kulehemu, na hata sabuni ya karakanani haijauondoa.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unaniitikia "ndiyo, ndiyo," halafu baadaye nagundua kuwa hukusikia kitu. Basi soma polepole.

Siku nane tulizofanya kazi pamoja zimenipa furaha ambayo sikuwa nayo tangu Mama alipofariki. Najua ulinuna nilipozing'oa kwenye ndege yako zile saa sita za mviringo zilizokaa mbele yako miaka thelathini na moja. Ulikaa juu ya ndoo ukinitazama kana kwamba nachinja ng'ombe asiye wangu. Lakini saa ya kimo ilikuwa inakwama, ya dira ilikuwa inazunguka kama mlevi, na pampu iliyoziendesha ilikuwa imechoka. Sasa una skrini mbili, na kila namba unayoihitaji iko mbele ya macho yako. Hii ndiyo kazi ninayowafanyia watu wengine kila siku. Ningeona aibu kumwachia baba yangu mwenyewe arukie vyombo vibovu.

Kuna jambo moja la kukumbuka. Ramani zilizomo ndani ya skrini huisha muda kila baada ya siku ishirini na nane. Chini ya skrini ya kushoto kuna kadi ndogo, ukubwa wa stempu. Ibonyeze, itachomoka. Kwa kuwa mtandao wa kwako haufai hata kupokea picha, itie ndani ya bahasha unitumie. Nitaweka ramani mpya na kuirudisha. Nimekuachia kadi mbili ili moja ikiwa safarini nyingine iwe kazini. Bahasha kumi na mbili zenye anwani yangu zimo kwenye droo ya visu.

Usiguse nyaya za nyuma. Nakujua.

Binti yako,
Verena


Wishek, North Dakota
26 Aprili 2022

Binti yangu Verena,

Salamu kwako na kwa mumeo. Mimi ni mzima. Goti si zima. Theluji imeondoka na matope yamechukua nafasi yake.

Nimeruka mara tano. Skrini zako zinang'aa kuliko madirisha ya kanisa. Naziona vizuri. Ninachoshuku ni kwamba nazo zinaniona. Nikipunguza mwendo, sauti ya mwanamke inanikemea masikioni. Nimeizima. Niliishi na mwanamke mmoja miaka arobaini na sita, na maonyo yake yalinitosha.

Jana nilikuwa mkahawani. Jirani yetu Emil Schauer aliponiona na bahasha yako mkononi akauliza, "Reinhold, hiyo kadi inakuja na ramani. Sasa inaporudi kwa binti yako, inarudi na nini?"

"Na vumbi," nikamjibu.

"Vumbi! Mpwa wangu analima na trekta jipya la watu wa Fargo. Tajiri yake anakaa ofisini huko, na jioni anampigia simu kumwuliza kwa nini alisimama mara nne kukojoa. Wewe umejiwekea karani ndani ya ndege uliyoijenga kwa mikono yako!"

Meza nzima ilicheka. Nililipa kahawa yangu nikaondoka.

Kwa hiyo nakuuliza waziwazi, na nataka jibu la neno moja: kadi hii hubeba nini inaporudi kwako? Nauliza kwa sababu sijasahau maneno ya mumeo wakati wa Krismasi, kwamba mtu wa miaka sabini na tisa hapaswi kukaa peke yake maili saba kutoka mjini, na kwamba mnacho chumba. Sikumjibu siku ile kwa kuwa nilikuwa natafuna. Jibu langu ni hapana. Nikitafutiwa sababu ya kuhamishwa, isitafutwe ndani ya ndege yangu.

Kadi hii hapa.

Baba yako


Wichita
2 Mei 2022

Baba mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba u mzima. Hapa mvua ya mawe ilipasua kioo cha gari la Glenn, lakini sisi wenyewe hatujambo.

Umeomba neno moja, nami nakupa: ramani. Mwambie Emil anywe kahawa yake kabla haijapoa.

Habari ya chumba tuiache. Hakuna anayekutafutia sababu. Kadi yako nairudisha ikiwa na ramani mpya hadi mwisho wa mwezi. Ile sauti ningependa uiwashe, lakini ndege ni yako.

Binti yako,
Verena


Wishek
16 Agosti 2022

Binti yangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, nanyi natumaini hamjambo. Hii ni kadi ya tano.

Ngano ya Schauer imevunwa. Nyanya zangu ni nyingi hata nawapa watu wasioziomba. Bibi Schauer aliniletea keki ya mabua machachu ya rubabu, sahani nzima, akasimama jikoni kwa muda mrefu kuliko keki inavyohitaji. Nashuku alitumwa aje kutazama kama vyombo vimeoshwa. Vilikuwa vimeoshwa.

Nimebadilisha tairi la kushoto la ndege. Lilikuwa limezeeka. Mengine yote yako sawa na hakuna la kueleza.

Baba yako


Wichita
22 Agosti 2022

Baba mpendwa,

Salamu. Natumaini u mzima, na safari hii siandiki hivyo kwa mazoea. Nataka kujua. Mgongo wako ukoje? Shingo je? Kaa kwanza ndipo uendelee kusoma.

Kadi hubeba zaidi ya ramani. Kila sekunde injini inapokuwa inawaka, huandika mwendo, kimo, joto, presha, na jinsi ndege ilivyoinama. Emil alisema kweli. Nilipokujibu mwezi wa Mei nilijua hivyo, nikachagua neno moja kwa sababu ulikuwa umenipa ruhusa ya neno moja. Nimezisoma kadi zote tano.

Alhamisi, tarehe 11, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, ulikuwa unatua kwenye kiwanja chako. Mwendo ulishuka kutoka maili sabini na mbili hadi sitini, kisha hamsini na tatu. Hukuongeza moto wa injini hata kidogo. Ndege iliacha kuruka ikiwa na futi kumi chini yake, ikapiga ardhi kwa nguvu ambayo magurudumu yale hukuyajengea kuistahimili. Tangu dakika hiyo hadi ulipoitoa kadi, injini haikuwashwa tena.

Tairi halikuzeeka, Baba.

Mtu aliyeruka miaka hamsini hukaa akiuangalia mwendo wake unakufa asifanye kitu? Ama hukuona, ama uliona na hukuelewa. Sijui ni lipi linanitisha zaidi. Tafadhali usiruke tena. Chumba tumekipaka rangi, kina dirisha la mashariki, hakina ngazi. Njoo kabla ya theluji. Glenn yuko tayari kuja na lori.

Nisamehe, lakini sijutii kusoma.

Binti yako,
Verena


Wishek
30 Agosti 2022

Verena,

Mimi ni mzima.

Hukuniambia uongo. Ulifanya jambo baya zaidi: mtu alikuuliza waziwazi, ukampa nusu ya ukweli ukamwacha azitumie bahasha zako mwenyewe kukupelekea habari zake. Ulinitegea mtego ukauita zawadi, na nilikushikia taa ulipokuwa unaukaza skrubu.

Kadi moja imo ndani ya ndege, nyingine imo ndani ya kopo la misumari, na zitabaki humo. Mumeo asije na lori. Akija, atalikuta lango limefungwa na mimi nimesimama nyuma yake.

Baba yako


Wichita
10 Oktoba 2022

Baba mpendwa,

Natumaini huna homa na kwamba mtu fulani amekusaidia kuzibua dohani kabla ya baridi. Nimekupigia simu mara nne. Mara mbili uliinua, ukasikia ni mimi, ukaikata. Angalau nilisikia unapumua.

Glenn hatakuja. Nimemkataza mimi. Alisema, "Sasa tungoje nini, tungoje polisi watupigie simu?" Nikamwambia akae kimya, na tangu hapo nyumba nzima imekaa kimya.

Sijui kama unaruka. Nimefikia hatua ya kumpigia simu Bibi Schauer, akaniambia, "Ndege huwa tunaisikia, mama, Alhamisi Alhamisi," kisha akaanza kuzungumzia kabichi kwa namna ya mtu aliyekatazwa kusema. Kama unaruka, unaruka na ramani za Agosti, na upande wa kaskazini wa kwenu imesimamishwa mitambo mipya ya upepo ambayo ramani zako haziijui. Nitumie kadi. Nitaweka ramani peke yake. Kumbukumbu sitaifungua, naapa kwa jina la Mama.

Binti yako,
Verena


Wishek
8 Novemba 2022

Verena,

Mimi ni mzima. Siku ya Kabichi, sikukuu ya mji wetu, ilipita. Nilikula sahani mbili. Dohani nilizibua mwenyewe.

Mitambo ya upepo nimeiona kwa macho. Hata hivyo, kadi hii hapa. Ramani. Nakurudishia neno lako la Mei.

Baba yako


Wichita
15 Novemba 2022

Baba,

Salamu, na ukitaka unaweza kuichana barua hii ukifika mstari wa pili. Nimevunja kiapo. Nilikaa na kadi mkononi siku tatu, na siku ya nne nikaifungua. Nimetenda kosa. Lakini sasa nimeshaona, siwezi kujifanya sijaona.

Kuna safari kumi, zote siku ya Alhamisi, zote kuanzia saa nne asubuhi. Ni safari nzuri mno. Kila inapopanda ni maili tisini kwa saa, hazizidi wala hazipungui, kama ilivyoandikwa kwenye kitabu cha ndege. Kitabu hicho ulikiandika wewe, Baba, kwa mkono, mimi nikiwa na miaka kumi na minane, na tangu siku ulipomaliza kukiandika hujawahi kukifuata. Wewe hupanda kwa maili mia na kumi kwa sababu unapenda injini ipate hewa. Wewe huzunguka kiwanja kwa upana kama mtu anayekagua shamba la jirani. Na kwa kuwa mguu wako wa kulia hausukumi pedali ipasavyo tangu yule ndama akupige teke, kila ndege unayoendesha huenda ikiwa imelala kidogo upande mmoja. Kwenye safari hizi hailali. Inatua kama karatasi.

Anayeruka si wewe.

Ni nani? Umeiuza ndege bila kuniambia, na huyu ni mnunuzi anayeijaribu? Au kuna mtu anayeichukua ukiwa umelala kitandani, na Bibi Schauer anajua, na mji mzima unajua? Nimewaza mpaka nimechoka. Niliogopa kwamba unaruka. Sasa naogopa kwamba huruki. Nambie jina.

Binti yako,
Verena


Wishek
4 Desemba 2022

Binti yangu Verena,

Salamu. Natumaini unalala. Barua yako haikunikuta kitandani. Ilinikuta juu ya ngazi nikiondoa theluji kwenye paa, jambo ambalo naliandika ili ulisikie kutoka kwangu kabla kadi fulani haijakuambia.

Uliapa kwa jina la mama yako. Hilo tutalizungumza siku nyingine, tukiwa tumekaa uso kwa uso. Leo nakujibu, kwa sababu umenishuku kwa jambo ambalo sikulitenda. Ndege sijaiuza.

Jina ni Corinne Wolff. Ni daktari wa ng'ombe, ana miaka arobaini na saba. Alijifunza kuruka mjini Bismarck akiwa msichana, akapata leseni, hakupata ndege. Siku ile ya tarehe 11 Agosti alikuwa kwa Schauer, mkono wake mzima ukiwa ndani ya ng'ombe, akaniona nikianguka. Alikuja kwa gari akiwa na glavu ileile mpaka begani. Nilikuwa bado nimekaa ndani ya ndege.

"Mzee Fetzer, umeumia?"

"Ni tairi," nikamwambia.

"Sijauliza habari za tairi. Nauona uso wako. Ng'ombe wa kwa Schauer ana rangi nzuri kuliko wewe."

"Ng'ombe wa kwa Schauer hajaanguka."

"Basi toka humo nikutazame, na usiponiruhusu nitatumia dawa za ng'ombe."

Tulikagua magurudumu pamoja siku mbili. Nilinyoosha kilichopinda nikabadilisha kilichopasuka. Tangu hapo yeye hukaa kushoto, kwenye kiti cha rubani, na mimi hukaa kulia, Alhamisi ambayo hana kazi. Mimi usukani sijaugusa. Niliwaomba watu wasikwambie. Nilijua kwamba ukisikia Reinhold Fetzer ameacha kuruka, utasema amekwisha, na lori litakuja. Ndiyo maana nilikuacha udhani naruka. Ulinipeleleza, nami nikakudanganya. Tumelingana.

Sasa nakuambia kilichotokea, kwa kuwa kadi yako inajua namba lakini haijui mengine. Sikusinzia wala sikuchanganyikiwa. Nilikuwa natua, na niliutazama mwendo. Niliutazama pale ninapoutazama siku zote, juu kushoto. Ilikuwa sabini. Nikatazama kiwanja, nikatazama tena: sabini. Ilikuwa imetulia kabisa. Nikajiambia, vizuri, Reinhold, shikilia hapohapo. Ndipo ndege ikanidondoka kutoka chini ya makalio.

Wewe unasema mwendo ulikuwa hamsini na tatu. Mimi niliona sabini kwa macho haya. Kama skrini ilidanganya, basi kazi ya mikono ya binti yangu nusura iniue. Kama haikudanganya, basi nimeona kitu ambacho hakikuwepo, na mtu wa namna hiyo mahali pake ni kwenye hicho chumba chenu cha dirisha la mashariki. Sikutaka jibu lolote kati ya hayo mawili. Kwa hiyo sikuuliza.

Sasa nimeuliza.

Baba yako


Wichita
11 Desemba 2022

Baba mpendwa,

Nakusalimu sana, na nakuomba usipande juu ya paa.

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma nimesimama sebuleni na koti mwilini, kisha nikafungua tena kumbukumbu ya tarehe 11 Agosti. Mara ya kwanza nilisoma safu mbili tu, mwendo na kimo, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua natafuta nini. Safari hii nilisoma safu zote, sekunde baada ya sekunde.

Hukuona kitu ambacho hakikuwepo. Sabini ilikuwepo. Ilikuwa presha ya oili.

Namba za injini nilizipanga kwenye ukingo wa kushoto wa skrini, na ya oili ndiyo iliyo juu kabisa. Namba ya mwendo iko kando yake, upana wa vidole vitatu kuelekea kulia. Mahali palipokuwa na saa yako ya mwendo kwa miaka thelathini na moja, mimi nimeweka oili. Dakika nzima ya mwisho, oili ilikuwa sitini na tisa, sabini, sabini. Mwendo ulikuwa unakufa kando yake. Na mwendo wako wa kutua ni sabini. Kama oili ingekuwa arobaini ungeshtuka. Ilikuwa namba uliyoitaka, mahali ulipoizoea.

Nilizipanga hivyo kwa sababu wateja wangu hupenda hivyo. Ni watu wa umri wangu waliojifunza kwenye skrini. Nilikaa na wewe siku nane ndani ya banda moja, tukala pamoja, tukabishana kuhusu rangi ya fremu, na sikukuuliza hata mara moja macho yako huenda wapi unapotua. Swali hilo namwuliza kila mteja asiyenijua. Wewe nilidhani nakujua. Kisha ulipoanguka, sikuushuku mpangilio wangu. Nilikushuku wewe.

Kuzihamisha namba hizo upande wa kulia si kazi ya bisibisi. Ni vitufe. Bonyeza kitufe cha chini mpaka skrini ibadilike, chagua "injini," chagua "upande," chagua "kulia," thibitisha. Ni dakika tatu, Baba. Nimeandika hivyo mara nne kwenye karatasi nyingine na kuichana.

Ukishazihamisha, ruka na Daktari Wolff akiwa kando yako, wewe ukiwa kushoto. Washa na ile sauti. Siahidi kwamba namba ilikuwa tatizo lote, sijui. Hakuna anayejua mpaka ujaribu. Utakachokiona huko ni chako, uniambie au usiniambie. Sitakuapia, kwa kuwa kiapo changu umeshakiona. Nakuomba tu, kadi ya safari hiyo usinitumie mimi.

Binti yako,
Verena


Wishek
3 Januari 2023

Binti yangu Verena,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Glenn. Mimi ni mzima. Baridi imefika nyuzi thelathini chini ya sifuri kisha ikalegea, na mabomba hayakupasuka.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali unaponiambia nihamie Wichita. Hapapo. Sijui kama umesahau au umebadilisha mbinu.

Namba nilizihamisha mwenyewe. Ilinichukua dakika arobaini, si tatu, kwa sababu Corinne alikuwa ananisaidia. Kisha nikakaa nikaitazama ile sehemu iliyo juu kushoto, na mwendo ulikuwa hapo, na nilikasirika mno. Nilikukasirikia wewe kwanza. Halafu nilijikasirikia mimi, kwa sababu mjenzi anayekalia ndoo siku nane bila kusema "weka hapa" naye ana lake la kujibu. Nilinuna wakati nilipopaswa kusema. Mama yako angekuambia kwamba hilo si jipya.

Alhamisi iliyopita upepo ulitulia. Tulipasha injini moto saa nzima. Nilikaa kushoto. Corinne alikaa kulia, mikono mapajani, nikamwambia asiiguse ndege isipokuwa anataka kuishi.

Nilitua mara tano. Namba niliisoma sawasawa mara zote tano. Ile sauti ya mwanamke niliisikia pia. Mara tatu nilitua vizuri. Mara mbili niliona mwendo unashuka, nikajua unashuka, nikajiambia ongeza moto, na mkono ukafika umechelewa. Si sana. Ni kama mtu anayeitika baada ya kuitwa mara ya pili. Mara zote mbili mkono wa Corinne ulikuwa umeshafika kabla ya wangu. Tulipozima injini nilimwuliza, "Ni uzee, au ni oili?"

Akasema, "Agosti ilikuwa oili. Leo ni uzee."

Nilimshukuru. Watu wote wa mkahawani wangeniambia ni upepo.

Kwa hiyo kiti cha kushoto nimekiacha, na safari hii nimekiacha kwa kujua, si kwa hofu. Nakuambia mimi mwenyewe, kwa wino wangu. Corinne ataendelea kuiendesha. Lakini cheti cha mjenzi, kinachoruhusu kuifanyia ukaguzi wa kila mwaka, kina jina langu peke yangu, na yeye amesema waziwazi kwamba hataki fundi mgeni aifungue ndege asiyoijenga. Mwezi wa Machi nitaifungua skrubu kwa skrubu, niikague, nitie sahihi. Mwaka unaofuata vilevile, nikiwepo. Kazi hiyo haifanyiki Wichita. Huu si ugomvi, ni ratiba.

Jambo la mwisho. Corinne ana mtandao mzuri kwake, anautumia kutazama picha za mimba za ng'ombe. Ramani ataziweka yeye kuanzia mwezi huu. Bahasha zako zilizobaki ni sita, na nimezitoa kwenye droo.

Kadi haitakuja tena. Ukitaka kujua habari zangu, itabidi uniulize.

Baba yako